Kibaba Chako ni Kipi?

Kanairo saa hii kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza iko kwenye jimu za Kilimani na Westlands. Hao wanakuambia wanga ni sumu: ugali sumu, chapo sumu, ndizi sumu, kula mayai na avokado mpaka kiuno kirudi. Kambi ya pili iko kila mahali pengine: kwa kibanda Kangemi, kwa meza ya familia shags, kwa mdomo wa mjomba yeyote unayemjua. Hao wanasema ugali ni nguvu, ugali ni mila, na kijana anayepunguza ugali ama ni mgonjwa ama anaringa.

Mimi nimekulia Kangemi na kazi zangu nyingi nafanyia Westlands, mwendo wa matatu moja, kwa hivyo hizi kambi zote ni majirani zangu. Na nina sababu ya kujali. Kwetu kisukari ni ugonjwa unaohesabiwa kwa watu: nyanya yangu alikuwa nao, mama mkubwa anao, na mwaka juzi binamu yangu wa miaka 29 akaambiwa naye anao. Nikiuliza "nile wanga kiasi gani?" siulizi kwa sababu ya mtindo wa TikTok. Nauliza kwa sababu foleni ya ugonjwa huu imeshafika kwa watu wa rika langu.

Jibu langu limetoka mahali sikutarajia, kwa historia. Nitaliweka mapema ndio usichoke kulingoja: sahani tunayoitetea kama ya mababu ina umri mdogo kuliko tunavyodhani, na kipimo chake kiliwekwa kwa ajili ya mwili unaobeba mzigo. Hakuna aliyekipima akikufikiria wewe na kiti chako cha ofisi. Lakini pia hakuna historia yoyote inayosema wanga ni sumu. Historia inasema kitu kingine: kipimo hufuata kazi, na hufuata mtu.

Kipimo cha mpagazi

Kila mtu anajua haba na haba hujaza kibaba. Wachache wa rika letu wamewahi kukiona kibaba chenyewe. Ni kipimo cha nafaka cha Pwani. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kibaba kimoja cha nafaka kina uzito wa karibu ratili moja na nusu, yaani takriban gramu 700.

Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Pwani kwenda bara, kibaba ndicho kilikuwa chakula cha mpagazi. Kibaba kimoja, mtu mmoja, siku moja. Chakula hicho cha siku kiliitwa posho. Sasa angalia kazi aliyokuwa anafanya: mzigo wa karibu kilo 30 begani au kichwani, kutembea kuanzia alfajiri, na akifika kambini bado kuna kuni na maji ya kutafuta. Gramu 700 za nafaka ni kama gramu 500 za wanga. Mwenye msafara hakuwa anagawa kwa ukarimu. Alikuwa anapiga hesabu ya kufanya mzigo ufike.

Usidhani hii ni hadithi ya mbali. Iko chini ya lami ya Waiyaki Way. Misafara ya kwenda Uganda ilikuwa inasimama Ngong, Dagoretti na Kabete kununua chakula kabla ya kushuka Bonde la Ufa, kwa sababu Wakikuyu wa upande huu walikuwa wakulima wenye chakula cha ziada. Oktoba 1890 Frederick Lugard, aliyetumwa na kampuni ya Imperial British East Africa, alifika Dagoretti, akapatana na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma. Kazi kubwa ya boma lile ilikuwa kuhakikisha misafara inapata posho. Mapatano hayakudumu. Watu wa kampuni walianza kujichukulia chakula mashambani, boma likaachwa, na kampuni ikajenga lingine Kabete, Fort Smith. Waiyaki alikamatwa mwaka 1892 akafia Kibwezi akipelekwa Pwani. Kwa hivyo ile barabara inayokupeleka Uthiru na Kinoo ina jina la mtu aliyegombana na wageni, na moja ya sababu ilikuwa chakula.

Na wageni walikuwa wananunua nini hapo? Maharagwe, wimbi, mtama, viazi vitamu, ndizi. Mahindi yalikuwepo pia, lakini yalikuwa mmoja kati ya wengi. Hapo ndipo mjomba wako anaanza kushtuka.

Kabla mahindi hayajawa mfalme

Mahindi ni mmea wa Mexico. Yaliingia pwani yetu baada ya Wareno kufika, karne ya 16, na kwa miaka mia kadhaa yakabaki mgeni anayekaa pembeni ya shamba. Mmea wa kwetu ni mtama, na wimbi pia, zote zimeanzia Afrika.

Kabla ya reli, nchi hii haikuwa na sahani moja. Upande wa Ziwa ugali ulikuwa wa mtama na wimbi, mweusi au wa kahawia. Kuzunguka Mlima Kenya na huku kwetu kulikuwa na nduma, viazi vikuu, ndizi, wimbi na njahi. Ukambani walikuwa na mtama, mawele na mbaazi. Pwani walikuwa na mtama, wali na muhogo. Wamaasai, ambao lugha yao ndiyo iliipa Nairobi jina, walitegemea maziwa, nyama na damu, lakini hata wao hawakuwa wageni kwa nafaka. Wanawake wa Kimaasai na wa Kikuyu walibadilishana ngozi na vyakula vya shamba hata nyakati ambazo wanaume wao walikuwa wanapigana.

Angalia kitu kimoja kwa hiyo orodha. Wanga ulikuwa mwingi karibu kila mahali. Hakuna babu wa keto hapo, isipokuwa moran wa Kimaasai katika miaka yake ya umorani. Lakini huo wanga ulikuja na nyuzinyuzi zake, na ukaliwa pamoja na kunde. Wimbi husagwa na ganda lake. Githeri ni nusu maharagwe. Nduma inabidi uitafune. Mwili ulikuwa unapewa sukari polepole, kama mtu anayelipa deni kwa awamu.

Posho inakuwa unga mweupe

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na ile chapo unayoila kwa madondo ni mmoja wa wajukuu wa uhamiaji wa Wahindi kuja huku. Nyuma ya reli wakaja walowezi, na walowezi wakaleta mbegu za mahindi meupe kutoka Afrika Kusini.

Mbona meupe? Mahindi ya zamani huku yalikuwa ya rangi rangi: mekundu, ya zambarau, ya manjano. Mlowezi alikuwa anauza nje, na viwanda vya kutengeneza wanga Uingereza vililipa bei bora kwa mahindi meupe. Soma hiyo tena polepole. Hii rangi ambayo tunaiona ndiyo rangi halisi ya ugali wa Mwafrika ilisukumwa na viwanda vya Uingereza.

Kilichobaki nchini kilimfaa mwajiri vizuri sana. Mahindi yalikuwa rahisi, yanasafirishwa kwa gunia, yanasagwa kwa mashine, na kibarua anaweza kujipikia kwa sufuria moja. Shambani, relini na mjini, posho ya kawaida ikawa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, karibu gramu 900. Hakuna aliyeuliza kibarua ametoka kwa watu wanaokula ndizi au wimbi.

Mahali hili lilionekana vibaya zaidi ni Vita Vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walichukua wanaume kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, na mdomo wa Mswahili ukakigeuza Kariokor. Ndio, Kariokor ile ya soko, hapo tu ukitoka tao kupitia Ngara, na Dar es Salaam wana Kariakoo yao. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, hasa ya kuhara. Watu waliozoea ndizi, viazi na wimbi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Yani mwili wa mtu mmoja ulilishwa kama mwili wa mtu yeyote, na matokeo yake yakawa makaburi.

Hata lugha inakumbuka. Uganda ugali wenyewe unaitwa posho. Tanzania posho ni pesa wanazolipwa wabunge wakikaa kikaoni. Hapa kwetu mashine ya kusaga unga mtaani ni posho mill. Neno la chakula cha mpagazi likawa jina la chakula cha kila mtu.

Uhuru ulipokuja hatukurudi nyuma. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya H611, ya kwanza katika mfululizo wa mahaibridi yaliyoenea kwa wakulima wadogo. Ilizaa kuliko mbegu za zamani, na sitasema vibaya juu ya kitu kilicholisha familia nyingi hivyo. Lakini mtama na wimbi zikaanza kuonekana chakula cha wazee na uji wa watoto. Ukame wa 1984 ulipoleta mahindi ya manjano kutoka nje, watu waliyala wakilalamika kwamba ni chakula cha mifugo. Ilikuwa imechukua kama miaka 70 tu kwa rangi nyeupe kuwa mila. Mwaka 2017 serikali ikashusha pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 90, na mwaka 2022 hadi shilingi 100, mara zote mbili uchaguzi ukiwa mlangoni. Sijawahi kuona serikali ikiogopa bei ya nduma.

Waliokuja kupima miili yetu

Kama unadhani mabishano ya wanga na protini yalianza kwa simu yako, kuna ripoti ya mwaka 1931 unapaswa kujua. John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, mkuu wa idara ya afya ya koloni ya Kenya, walilinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Upande mmoja maziwa, nyama na damu. Upande wa pili nafaka, viazi na kunde. Wakaandika kwamba mwanaume wa Kimaasai kwa wastani ni mrefu kwa inchi 5 na mzito kwa ratili 23 kuliko wa Kikuyu, na pia ana nguvu zaidi. Kwa Wakikuyu walikuta meno mabovu, upungufu wa damu na matatizo ya mifupa. Kwa Wamaasai walikuta zaidi ugonjwa wa viungo na kufunga choo. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, kwa hivyo hatuongei kuhusu mtu wa mtaani.

Watu wa keto wakiipata hiyo ripoti wanapiga makofi. Lakini ngoja. Wanahistoria walioirudia baadaye, kama Cynthia Brantley, wameonyesha yaliyoachwa nje. Wakikuyu wa miaka ya 1920 walikuwa wamepoteza ardhi, hasa upande huu wa Kiambu na Dagoretti, na wanaume wao wengi walikuwa vibarua. Yale mashamba ya ziada yaliyolisha misafara hayakuwepo tena kama zamani. Tena ripoti yenyewe ilionyesha kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga nyingi za majani kuliko wanaume, na chakula chao kilikuwa bora. Kabila moja, shamba moja, sahani mbili tofauti. Kumbe hata mwaka 1931 kipimo cha "Mkikuyu" hakikuwa na maana sana. Ilibidi uulize Mkikuyu yupi, anafanya kazi gani, na kando ya huo wanga anakula nini.

Miaka ya 1960 akaja Mmarekani, George Mann, akawapima Wamaasai wa Tanganyika. Alishangaa kukuta watu wanaokunywa maziwa mengi hivyo wana lehemu ya chini kwenye damu. Baadaye, mwaka 1972, yeye na wenzake wakaandika kuhusu mioyo 50 waliyoichunguza baada ya watu kufa: mishipa ilikuwa na mafuta, lakini ilikuwa pia imepanuka, damu inapita. Mann aliamini kutembea kwao kulihusika. Tunarudi pale pale kwa mpagazi. Ukiondoa kazi kwenye hesabu, hesabu ya chakula inakataa.

Hesabu ya wakimbiaji

Sasa tugeuze upande. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Vincent Onywera, na ndani yake akiwemo Mike Boit aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, walipima chakula cha wakimbiaji 10 mahiri wa Kikalenjin kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga. Ilikuwa gramu 10.4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Kwa watu wembamba wa kilo 58 hivi, hiyo ni karibu gramu 600. Ugali ndio ulioongoza, na sukari ya mezani, ile ya chai, ilileta karibu moja ya tano ya nguvu yote.

Hao ni watu wenye afya ya kutisha. Kama wanga ni sumu, Eldoret ingekuwa hospitali nzima.

Hebu weka hizo namba pamoja. Mpagazi: gramu 500. Kibarua wa ratili mbili: gramu 650 na kidogo. Mkimbiaji: gramu 600. Watu watatu wa nyakati tofauti, mmoja anapimiwa na mwenye msafara, mwingine na mlowezi, mwingine anajipakulia mwenyewe, na wote wanaangukia karibu mahali pamoja. Hiyo ndiyo bei ya mwili unaofanya kazi ngumu siku nzima.

Sasa njoo kwako. Mtu anayekaa mbele ya kompyuta na kutumia kalori 2,000 kwa siku, akiamua nusu yake itoke kwa wanga, anahitaji gramu 250. Ugali wa gramu 200 za unga, ule wa kushiba kabisa, tayari una gramu 150. Ongeza mkate wa asubuhi, chai mbili za sukari, soda ya saa kumi na chipsi za tao ukingoja matatu, na umeshazipita hizo gramu 250, unakisogelea kipimo cha mpagazi bila hata kubeba begi lako. Nafasi ya zile kilo 30 ni wewe mwenyewe utakuja kuijaza, kidogo kidogo. Haba na haba.

Ndiyo maana napenda kuangalia zile nyumba za ghorofa zinazoota Kilimani kila wiki. Nyuma ya mabati kuna mama wa kibanda anapakulia watu wa mjengo mlima wa ugali na madondo. Ghorofa iliyoisha jirani, mpangaji anapima gramu 20 za wanga kwa siku kwa programu ya simu. Plot mbili zimepakana, vibaba viwili tofauti. Yule wa mjengo akifuata mlo wa mpangaji ataanguka kutoka kwa ngazi. Mpangaji akila kama wa mjengo kila siku bila kutoka jasho, atakutana na daktari mapema. Hakuna kati yao aliye mjinga. Ujinga ni kumwambia mmoja aishi kwa kipimo cha mwingine.

Hata kazi zikifanana, miili haifanani

Kuna hatua moja zaidi ambayo historia peke yake haifikishi. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya Weizmann huko Israeli waliwafuatilia watu 800 wakipima sukari ya damu mchana na usiku. Watu wakala chakula kile kile, mkate ule ule, na sukari ya mmoja ikapanda sana, ya mwingine ikatulia. Usingizi, uzito, vijidudu vya tumboni, jinsi unavyotembea, vyote vinachangia. Kwa hivyo rafiki yako akikuambia "mimi nakula chapo nne na sina shida," inawezekana kabisa ni ukweli. Ni ukweli wake.

Na kama unataka wastani wa kuanzia, utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet Public Health mwaka 2018, ukifuatilia Wamarekani zaidi ya 15,000 kwa miaka mingi, ulikuta vifo vichache zaidi kwa watu ambao wanga ulileta asilimia 50 hadi 55 ya nguvu yao. Waliokula kidogo mno walikufa mapema kuliko hao, na waliokula mwingi mno pia. Kambi zote mbili zikae hapo zitafakari.

Basi unatafutaje chako?

Anza kwa kujua unasimama wapi. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Tunabishana kuhusu ugali hatujui hata namba zetu. Pima asubuhi kabla ya kula. Chini ya 6.1 uko sawa. Ikiwa 7.0 au zaidi, na ikirudiwa ibaki hapo, hicho ni kisukari na daktari ndiye wa kukuongoza. Katikati ya hizo namba ni onyo, na onyo bado lina nafasi ya kugeuka. Chukua pia uzi, upime kiuno na urefu wako. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, mwili unakuambia kitu.

Halafu angalia kazi yako ya wiki, kazi halisi. Siku ya mpira au ya kukimbia Karura, kibaba kiwe kikubwa. Siku ya kukaa, kipungue, na nafasi ichukuliwe na sukuma, kunde, managu na maharagwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Hutazipata kwa unga uliokobolewa mpaka ukawa kama poda. Unga wa posho mill usiokobolewa, ugali wa wimbi na mtama, githeri, nduma na ngwaci ndivyo vinakusogeza huko.

Kisha jisikilize kwa wiki mbili hivi. Baada ya lanchi unasinzia ama uko macho? Njaa inarudi saa tisa ama saa moja usiku? Ukiazima au ukinunua mashine ya kupima, pima saa mbili baada ya kula. Mtu asiye na kisukari kwa kawaida huwa chini ya 7.8. Mimi nimejifunza kwamba nduma na githeri hunituliza, mkate mweupe hunifanya nisake chakula kabla saa haijaisha. Binamu yangu ni tofauti. Ndio maana sikupi orodha.

Onyo moja bila mzaha. Kama tayari uko kwa dawa za kisukari, usikate wanga ghafla bila kuongea na daktari, kwa sababu dawa imepimwa kulingana na chakula, na sukari inaweza kushuka hadi uzimie. Na wa insulini asiwahi kuacha insulini kwa sababu ya video ya mtu mwenye misuli.

Najua pia kuna kitu nisipokisema nitakuwa nadanganya. Si kila mtu anachagua. Barabara moja tu inatenganisha Lavington na Kawangware, na kwa upande mmoja wake wimbi ni mtindo wa afya, kwa upande wa pili kilo ya wimbi ni ghali kuliko unga mweupe unaoshibisha watu watano. Ukimwona mtu amejaza sahani ugali na sukuma kidogo, usimhubirie. Anakula posho aliyopangiwa na bei, kama vile babu yake alivyopangiwa na mlowezi. Tukitaka vijana wasiugue tutaanza kudai bei ya mtama, maharagwe na mboga kwa sauti ile ile tunayodai bei ya unga.

Na wewe mwenye uwezo wa kuchagua, chagua bila hatia. Ukipunguza ugali wa sembe hujamkana babu yako, kwa sababu babu wa babu yako huenda hakuwahi kuuona. Ukiula baada ya kukimbia kilomita 15, pia uko sawa kabisa. Mpagazi wa 1890 alipimiwa kibaba na mtu aliyejali mzigo kuliko mbebaji. Wewe pima chako mwenyewe.

Wiki ijayo naingia kwa ile moja ya tano ya wakimbiaji: chai ya sukari, na jinsi ilivyotuingia. Kabla ya hapo, kapime.